Barua ya wazi kutoka Mikindani: Kazi za Makamu wa Rais ziandikwe

Kwa Mheshimiwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania;
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria;
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi.

YAH: KUTUNGWA KWA SHERIA INAYOTAJA KAZI ZA MAKAMU WA RAIS

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Naandika nikiwa Mikindani, mkoani Mtwara, ambako nilifundisha Historia na Uraia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu. Jambo ninalolileta kwenu ni moja. Katiba yetu imeeleza kwa ukamilifu nini kitatokea siku Makamu wa Rais atakapolazimika kuwa Rais, lakini imeeleza kidogo mno kazi yake ni ipi katika siku nyingine zote. Naomba pengo hilo lizibwe, kwa sheria ya kawaida ya Bunge ikiwa safari ya Katiba mpya bado ni ndefu, na lizibwe kwa namna itakayotuwezesha sisi watu wa Kusini kujua ni hoja zipi tumpelekee Makamu wa Rais na zipi tuzipeleke kwingine.

Ibara ya 47 inamtaja Makamu wa Rais kuwa msaidizi mkuu wa Rais, kisha inampa mambo matatu: kumsaidia Rais kufuatilia utekelezaji wa siku hata siku wa Mambo ya Muungano, kufanya kazi atakazoagizwa na Rais, na kushika kazi za Rais wakati Rais hayupo. Ukiyasoma kwa makini utaona kwamba la pili na la tatu si kazi zake mwenyewe, kwa kuwa moja linategemea agizo na jingine linategemea safari ya mwenzake. Linabaki la kwanza, nalo limesimama juu ya kitenzi cha kufuatilia bila kusema anafuatilia kwa chombo gani, kwa nguvu gani, na akikuta jambo limekwama afanye nini. Linganisheni na Ibara ya 52, inayompa Waziri Mkuu madaraka juu ya udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa shughuli za Serikali, na kumfanya kiongozi wa shughuli hizo bungeni. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiulizwa Waziri Mkuu hufanya nini, ana cha kuandika. Akiulizwa kuhusu Makamu wa Rais, ataandika kwamba humwakilisha Rais kwenye sherehe, na mwalimu hana haki ya kumnyima alama.

Upungufu huu una historia, na bila historia hiyo ombi langu litaonekana kama udadisi wa mzee asiye na shughuli.

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, cheo cha Makamu wa Rais alipewa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Matimira huko Songea, ambaye tangu Januari ya mwaka huo alikuwa Waziri Mkuu baada ya Mwalimu Nyerere kujiuzulu ili akajenge chama. Wazee wa huku walimhesabu kuwa wao, kwa sababu enzi za mkoloni Songea ilikuwa pamoja na Lindi na Mtwara katika Jimbo la Kusini. Lakini hata kwa Kawawa, cheo kile kilipata uzito kutokana na kazi za usimamizi wa Serikali alizozizoea tangu akiwa Waziri Mkuu. Mkataba wa Muungano uliotiwa saini tarehe 22 Aprili 1964 ulileta Makamu wawili. Mmoja angekaa Zanzibar, akiongoza Serikali ya huko na kuwa msaidizi mkuu wa Rais kwa upande huo, naye akawa Sheikh Abeid Amani Karume, Makamu wa Kwanza. Wa pili akawa Kawawa, aliyesimamia shughuli za Serikali bungeni. Kila mmoja wao, kwa hiyo, alikuwa na kazi nyingine iliyokipa cheo chake nguvu. Karume hakuhitaji ibara ya kumweleza Makamu wa Rais anafanya nini, maana alikuwa Rais wa Zanzibar.

Baada ya Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alirithi kofia zote mbili, na ndiye aliyeonyesha hatari ya kuzivaa pamoja. Mtu yuleyule alitakiwa kuwa mdomo wa Zanzibar mbele ya Serikali ya Muungano, na papo hapo kuwa msaidizi wa Rais wa Serikali hiyohiyo. Hoja ya muundo wa Muungano ilipopamba moto na kufikishwa kwenye vikao vya chama Dodoma, Januari 1984, Jumbe alijiuzulu, na kwa siku zilezile akapoteza urais wa Zanzibar na umakamu wa Rais wa Muungano. Mimi sina nia ya kuhukumu nani alikuwa na haki katika mgogoro ule. Ninachokiona ni kwamba hapakuwa na andiko lolote lililomwambia Makamu wa Rais anapaswa kufanya nini pale wajibu wake wa Zanzibar na wajibu wake wa Muungano vinapovutana, na kwa hiyo jambo lililopaswa kuamuliwa kwa sheria liliamuliwa kwa vikao vya chama.

Ali Hassan Mwinyi aliyemfuata hakukaa muda mrefu, kwani mwaka 1985 alikuwa Rais wa Muungano. Hapo utaratibu ukageuzwa tena. Kwa kuwa Rais sasa alitoka Zanzibar, Waziri Mkuu akawa Makamu wa Kwanza: Joseph Warioba hadi 1990, John Malecela hadi 1994, na Cleopa Msuya hadi 1995. Rais wa Zanzibar, kwanza Idris Abdul Wakil na kisha Dkt. Salmin Amour, akawa Makamu wa Pili. Naomba msomaji ajiulize ni nani anayemkumbuka Mzee Warioba au Mzee Malecela kwa umakamu wa Rais. Tunawakumbuka kama Mawaziri Wakuu, kwa sababu uwaziri mkuu ndio uliokuwa na kazi.

Kisha mwaka 1992 tukarudisha vyama vingi, na wakubwa wakaona jambo ambalo kweli lilihitaji kuonwa. Ikiwa chama kimoja kingeshinda Muungano na kingine kikashinda Zanzibar, Rais wa Muungano angejikuta na Makamu anayetoka upinzani, na siku Rais akifariki nchi ingehamia chama kingine bila kura. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Katika uchaguzi wa 1995 Dkt. Salmin alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad kwa pungufu ya asilimia moja. Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, ya mwaka 1994, yalikuwa yamekwisha kumwondoa Rais wa Zanzibar kwenye umakamu, na badala yake yakaweka mgombea mwenza, anayechaguliwa kwa kura ileile ya Rais na kutoka upande wa pili wa Muungano. Waziri Mkuu naye akabaki na uwaziri mkuu wake tu.

Hapo ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Kabla ya 1995 hakuna Makamu wa Rais wa Muungano aliyewahi kutegemea umakamu peke yake, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ama Rais wa Zanzibar, ama Waziri Mkuu, ama msimamizi wa shughuli za Serikali bungeni. Marekebisho yale yalimvua kofia ya pili, na yalikuwa na sababu nzuri ya kumvua, lakini hayakurudi kuishona ile ya kwanza. Tena Katiba inamkataza Makamu wa Rais kuwa Mbunge, kwa hiyo haulizwi maswali bungeni. Maswali kuhusu ofisi yake hujibiwa na Waziri wa Nchi. Tulipata kiongozi wa pili wa taifa, aliyechaguliwa na nchi nzima, ambaye kisheria hana mahali pa kutoa hesabu ya kazi yake kwa sababu kazi yenyewe haijatajwa.

Na utaratibu huo mpya, watu wa Mtwara tusisahau, ulianza na mtu wetu. Benjamin William Mkapa wa Lupaso, Masasi, ndiye Rais wa kwanza kuchaguliwa pamoja na mgombea mwenza, Dkt. Omar Ali Juma wa Pemba. Dkt. Omar alifariki akiwa madarakani tarehe 4 Julai 2001, na mwezi uleule nafasi ikazibwa na Dkt. Ali Mohamed Shein kwa uteuzi wa Rais uliothibitishwa na Bunge. Wakafuata Dkt. Mohamed Gharib Bilal mwaka 2010 na Mama Samia Suluhu Hassan mwaka 2015, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho.

Nafasi hii ilipojaribiwa kwa uzito wote, ilifaulu. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Makamu wa Rais, aliyekuwa ziarani mkoani Tanga, ndiye aliyelitangazia taifa, na tarehe 19 Machi akaapishwa kuwa Rais kwa mujibu wa Ibara ya 37(5). Kabla ya mwezi kwisha Bunge lilikuwa limemthibitisha Dkt. Philip Mpango kuwa Makamu mpya, Makamu wa kwanza kutoka Bara tangu utaratibu wa mgombea mwenza uanze. Ibara moja iliyoandikwa vizuri ilitosha kuivusha nchi katika siku ambazo mataifa mengine huzivuka kwa mtutu. Naisifu kwa dhati, na ndiyo sababu najiuliza kwa nini uangalifu ule ule wa uandishi haukufika hadi Ibara ya 47.

(Kwa wasomaji vijana niongeze kwamba siwazungumzii Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili wa Rais wa Zanzibar, ambao walianzishwa mwaka 2010 kwa Katiba ya Zanzibar na kwa makusudi mengine kabisa.)

Mtauliza haya yanamhusu nini mtu wa Mtwara au Lindi, asiye na kiwanja Unguja wala shangazi Chake Chake. Yanamhusu kwa sababu ya gesi. Orodha ya Mambo ya Muungano iliyo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ilianza na mambo 11 na leo ina 22. Jambo la 15 ni maliasili ya mafuta, na gesi asilia imetajwa humo kwa jina lake. Gesi iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na Ghuba ya Mnazi, hapa Msimbati, mwaka 1982. Kwa maneno mengine, mali kubwa kuliko zote iliyo chini ya miguu yetu iko katika orodha ileile ambayo Katiba imemkabidhi Makamu wa Rais aifuatilie siku hata siku.

Lakini mwaka 2013, watu wa Mtwara walipotaka maelezo juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mnajua ghasia zilizotokea mwezi Januari, na mnajua zaidi yaliyotokea mwezi Mei, ambayo bado kuna familia zinayaombolezea. Aliyekuja Januari kuzungumza na watu ni Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, na alifanya vizuri kuja. Katika mikutano niliyohudhuria na mabishano ya barazani niliyoyasikia, sikumbuki mtu hata mmoja, awe wa chama tawala au wa upinzani, aliyesema kwamba jambo hili ni la Muungano na kwa hiyo tumwite Makamu wa Rais. Hatukusema kwa sababu hatukujua. Na hata tungejua, tungemwita kwa kifungu gani?

Mwaka 2015 Sheria ya Petroli ikafungua mlango kwa Zanzibar kusimamia mafuta na gesi yake kwa taasisi zake yenyewe, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake. Sina kinyongo na ndugu zetu, kwani walikuwa wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi na lilihesabiwa miongoni mwa kero za Muungano. Ila jambo la 15 halijafutwa katika Nyongeza ya Kwanza. Mvuvi wa Msimbati akiuliza kama gesi inayotoka mbele ya kijiji chake ni ya Muungano au ni ya Bara peke yake, anastahili jibu la maandishi kutoka kwa mwenye dhamana ya kufuatilia Mambo ya Muungano. Swali hilo litazidi kukua siku mradi wa kusindika gesi huko Likong'o, Lindi, utakapoanza kweli.

Tangu mwaka 2006 ipo Kamati ya Pamoja ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inayoshughulikia kero hizi, na Makamu wa Rais amekuwa na nafasi ya uongozi ndani yake. Naiheshimu kazi hiyo. Serikali imekuwa ikitangaza kwamba kero nyingi zimekwisha kutatuliwa, na hati za makubaliano zimetiwa saini mbele ya kamera. Mwananchi wa kawaida, hata hivyo, husikia hesabu tu, kwamba zilikuwa kadhaa na zimebaki kadhaa, asione makubaliano yenyewe yanasemaje. Kamati hiyo pia imezaliwa kwa maelekezo ya viongozi, na kiongozi mwingine anaweza kuiacha ilale bila kuvunja sheria yoyote.

Upande wa pili wa Ofisi ya Makamu wa Rais ni mazingira, na hapa naomba niruhusiwe kushangaa kidogo. Mazingira si Jambo la Muungano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahusu Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake. Kwa hiyo kuanzia Dkt. Omar hadi Mama Samia tulikuwa na Makamu wa Rais kutoka Zanzibar ambao ofisi yao ilisimamia mazingira ya Rufiji na Liwale, mambo yasiyo ya Muungano, huku gesi iliyo ya Muungano ikishughulikiwa na wizara nyingine. Sisemi mazingira yaondolewe huko. Kwetu Kusini yamekuwa mzigo halisi: uvuvi wa baruti uliochakaza matumbawe yetu, vumbi la makaa ya mawe yanayoletwa kutoka Ruvuma kupakiwa Mtwara, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga na kutuacha wengi tumekwama. Ofisi yenye hadhi ya juu inafaa kushika mambo kama haya. Lakini iyashike kwa sheria inayosema Makamu wa Rais mwenyewe ana wajibu gani, kwa sababu leo wajibu umeandikwa kwa Waziri na kwa taasisi zilizo chini yake.

Najua jibu litakalotolewa na wenye uzoefu wa Serikali: kwamba cheo hiki kimeachwa wazi kwa makusudi ili Rais amtumie msaidizi wake apendavyo, na kwamba Makamu mwenye kazi zilizoandikwa atakuwa mshindani ndani ya Ikulu. Hoja hiyo ina uzito, na yeyote aliyefuatilia mvutano wa Kenya uliomalizika kwa Naibu wa Rais kuondolewa na Bunge la Seneti Oktoba 2024 hawezi kuipuuza. Hata hivyo Waziri Mkuu wetu ameandikiwa madaraka tangu zamani na hajawahi kuipindua Ikulu. Mheshimiwa Kassim Majaliwa wa Ruangwa, jirani yetu, alishika nafasi hiyo miaka kumi chini ya Marais wawili, na kuandikwa kwa kazi zake kulimsaidia kila mmoja kujua mipaka.

Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilijaribu njia nyingine. Ilitaka Makamu watatu: wa kwanza mgombea mwenza, wa pili Rais wa Zanzibar, wa tatu Waziri Mkuu. Kwa maoni yangu huko ni kurudi kwenye kugawa kofia, ambako tulikwisha kukuona tangu 1964 hadi 1995. Umakamu ungekuwa tena heshima inayoongezwa juu ya vyeo vingine, na yule wa kwanza, ambaye ndiye aliyepigiwa kura, angebaki na kazi chache kuliko wenzake wawili.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana bila kugusa Katiba. Itungwe na Bunge sheria fupi ya kazi za Makamu wa Rais, itakayoipa Kamati ya Pamoja msingi wa kisheria na kumfanya yeye kuwa mwenyekiti wake. Sheria hiyo imtake kila mwaka awasilishe bungeni taarifa ya hali ya Mambo ya Muungano, jambo kwa jambo, yote 22, kwa Kiswahili, ikieleza nini kimekubaliwa na nini kimekwama, pamoja na ile hesabu ya fedha ya pamoja iliyotajwa katika Ibara ya 133, ambayo wananchi tungependa kujua imefikia wapi. Pale jambo la Muungano linapohusu mali iliyo katika mkoa fulani, kama gesi ya Lindi na Mtwara, aje kwenye mkoa huo kuieleza taarifa hiyo mbele ya madiwani na wananchi, aulizwe, ajibu. Hayo hayampunguzii Rais kitu.

Mheshimiwa Makamu wa Rais, Dkt. Emmanuel Nchimbi, uliyeapishwa Novemba 2025, umewahi kuwa Mbunge wa Songea Mjini, na kwa hiyo baada ya Mzee Kawawa wewe ndiwe mtu wa karibu zaidi na Kusini yetu kukikalia kiti hiki. Hatukuombi upendeleo wa barabara wala wa korosho, kwani hayo yana wizara zake. Tunakuomba uwe Makamu wa Rais wa kwanza kusema hadharani kwamba kazi za nafasi yako ziandikwe, ingawa maandishi hayo yatakubana wewe kabla ya kumbana atakayekufuata.

Na ninyi Waheshimiwa Wabunge wetu, hotuba ya bajeti ya Ofisi ya Makamu wa Rais itakapoletwa bungeni, msiishie kwenye kuomba miche ya miti na semina za mabadiliko ya tabianchi. Fungu la 26 na Fungu la 31, yaani mafungu ya bajeti ya ofisi hiyo, yakifikiwa, mtu mmoja kati yenu asimame aulize jambo la 15 linafuatiliwa na nani, na majibu yake yaingie kwenye taarifa rasmi za Bunge.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia na Uraia,
Mikindani, Mtwara.